Sitaki Kubebwa

Walikale, tarehe 14 Februari 1953

Kaka yangu mpendwa Raphaël,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi huku Walikale tunapumua, na mvua inanyesha kwa tabia yake ile ile ya kutojua kuacha. Mume wangu Damascène anaendelea na ukarani wake kampunini. Kitinda mimba wetu ameota jino, na amelijaribu kwenye kidole changu. Mimi bado niko dispansere, upande wa akina mama: naosha watoto waliozaliwa, nachemsha vyombo, naambiwa kimbia, nakimbia. Msalimie wifi yangu Mukankusi, na umkumbatie mwanenu Mukasine, maana nasikia amekuwa mrefu kunishinda.

Sasa jambo lenyewe. Isidore, yule mchuuzi wa chumvi na vitambaa, alipita hapa akitoka Sake kwa njia ya Hombo. Nilipomuuliza habari zako akaangalia pembeni. Nikambana. Akasema, "Dada Adelaïde, kaka yako iko anashinda ku kitanda. Miaka mbili sasa. Hata shamba yake, bantu ya kilima njo banamulimiaka." Wewe Krismasi uliniandikia kwamba mgongo unasumbua kidogo. Kidogo gani hiyo ya miaka miwili?

Mimi si daktari, lakini macho ninayo. Hapa wanaletwa wanaume walioumia mgongo kazini. Wengine wanalala mwezi mzima wakingoja mgongo upone ndipo wasimame. Wengine wanatoroka siku ya nne, kwa sababu mke amejifungua au mbuzi wameingia shambani. Ajabu ni kwamba hao watoro ndio ninaokutana nao sokoni wakitembea wima. Jambo hili linanikereketa akili. Nataka kujua kwa nini.

Kwa hiyo nijibu, usikwepe. Maumivu yanakaa wapi? Yanashuka mguuni? Vidole vya miguu unavisikia vyote? Asubuhi na jioni yanafanana? Na siku ile ulipoumia, ulikuwa umebeba mzigo gani? Hilo la mwisho hujaniambia hata mara moja.

Mimi ndugu yako asiyejua kunyamaza,
Adelaïde


Burungu, tarehe 22 Machi 1953

Dada yangu Adelaïde,

Barua yako imekaa njiani wiki tano. Imefika ina doa la mafuta, kwa hiyo najua Isidore aliifungia maandazi. Hatujambo. Maharage yamechanua vizuri, mihogo inaenda polepole, na ng'ombe wa jirani wameingia kwenye mtama mara mbili bila kuomba samahani. Habari kubwa ni kwamba Mukasine ameposwa. Kijana anaitwa Jean-Bosco, ni fundi seremala, hanywi sana. Misa ya harusi ni Jumamosi tarehe 26 Septemba, kule misioni. Unaijua ile njia: mwendo wa saa tatu kwa mtu mzima wa miguu.

Naona unanihoji kama askari. Haya. Maumivu yako chini kabisa, pale mkanda unapopita. Mguuni hayashuki. Vidole vyote kumi navisikia. Asubuhi nimekuwa gogo, mchana nalainika, jioni sijui. Mukankusi ananikanda kwa majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni, na amenifunga mshipi wa gome la mti ambao hata kupumua unaninyima. Kuhusu mzigo, mzigo ni mzigo.

Lakini nikuambie kinachoniuma kuliko mgongo. Unakumbuka Kabera, mkubwa wa wabebaji wa ingobyi. Ile machela yetu ya kubebea wagonjwa haijabadilika, wala desturi yake: kila nyumba ya kilima inatoa bega moja. Kabera ana daftari. Upande mmoja ameandika wanaobeba, upande wa pili wanaobebwa. Mwezi huu jina langu limehamia upande wa pili, chini ya bibi mmoja asiyeona. Na wamekwisha kupanga kwamba siku ya harusi watanipeleka misioni ndani ya ingobyi. Nina miaka arobaini na tatu, dada. Sitaki mwanangu aingie kanisani na baba yake anafuata nyuma ameviringishwa mkekani. Nataka kwenda kwa miguu yangu. Kama una dawa ya hilo, sema.

Na mimi nina swali moja tu. Mama alipofariki, kwa nini hukuja kumzika?

Kaka yako,
Raphaël


Walikale, tarehe 2 Mei 1953

Kaka Raphaël,

Salamu nyingi, na vigelegele kwa Mukasine! Mwambie shangazi yake anamshonea kitambaa cha kichwa. Damascène amepata mafua na anaugulia kwa sauti ambayo akina mama wa dispansere hawatoi hata wakijifungua pacha. Mengine ni mazuri.

Nimesoma majibu yako mara nne. Vidole kumi vinasikia, mguu hauna neno, mchana unalainika. Kaka, mgongo uliovunjika haulainiki mchana. Hapa kuna kitu, ila sikijui bado, na kisichojulikana hutafutwa. Kwanza vua ule mshipi wa gome, upumue.

Halafu fanya hivi kwa siku saba. Weka kibuyu karibu na kitanda, na punje za mahindi pembeni. Kila ukilala, tia punje moja, na useme moyoni umelala kwa nini: maumivu, usingizi, uchovu, au kitu kingine. Mukankusi awe shahidi, maana wewe nakujua. Usijisahihishe, usijitie ushujaa. Nataka kuona tu siku ya mgonjwa wangu inakwendaje.

Tarehe 26 Septemba ni mbali. Tuna muda.

Adelaïde wako


Burungu, tarehe 7 Juni 1953

Dada yangu,

Swali langu umeliruka kama mtu anavyoruka tope. Nimeona. Tuendelee.

Nyumbani ni salama. Mbuzi mweusi amezaa. Mukankusi anakusalimia, na anasema tangu aolewe nami hajacheka kama alivyocheka wiki ya punje. Sikiliza hesabu. Kwa siku saba nimelala mara sitini na tatu. Mara kumi ni maumivu. Mara kumi na mbili ni usingizi au uchovu. Zile arobaini na moja zilizobaki, dada, ni wageni!

Naona unakunja uso. Ngoja nikueleze. Mimi asubuhi nikiamka nakaa mlangoni, nasikia jua, najisemea labda leo. Mara mtu anabisha hodi kwenye ua: "Mugonjwa iko?" Mukankusi anajibu, "Iko." Basi mimi mbio kitandani, blanketi hadi kidevuni. Mtu ameacha kazi yake, amepanda kilima na kibuyu cha kasiksi, amekuja kumwona mgonjwa. Akinikuta nimekaa nachambua maharage, atajiuliza pombe yake ya ndizi ameileta kwa nani. Na wengi wao ndio wanaonilimia shamba bure kila Alhamisi. Nitawatazamaje usoni nikiwa nimesimama? Kwa hiyo nalala. Naguna kidogo pia. Akiondoka, ni kazi kuinuka tena, na kabla sijanyooka mwingine anabisha.

Siku ya tano mvua ilikatisha njia, hakuja mtu. Nilichambua maharage hadi saa sita, nikaenda kumtazama yule mbuzi, nikarudi. Hatua sitini kwenda, sitini kurudi. Jioni nikakumbuka kwamba kutwa nzima sikuwa nimeguna. Nilikaa nikakitazama kibuyu chako kwa muda mrefu. Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili, na Mukankusi akanipangusa uso kwa kanga yake.

Niambie cha kufanya.

Raphaël


Walikale, tarehe 28 Juni 1953

Kaka yangu mpenzi,

Safari hii barua imefika kwa siku kumi na mbili, na mimi nimeisoma kwa sauti dispansere nzima, nisamehe. Muuguzi wetu mkubwa, mtu asiyecheka hovyo, ameomba aisikie tena pale kwenye blanketi.

Sisemi kwamba maumivu ni ya uongo. Punje kumi ni punje kumi, na mgongo wako uliumia kweli. Ila uliumia siku moja, na kulala kumekaa miaka miwili. Mwili usiotumika unasahau kazi yake, hivyo ndivyo ninavyofikiri sasa kuhusu wale watoro wangu.

Basi: wageni wapokee nje, umesimama au umekaa, wala usivute blanketi. Aliyekuja na kasiksi anywe pamoja nawe mkitembea hadi kwa mbuzi. Anza na hatua zako mia moja na ishirini kwa siku, si zaidi. Kila siku ya tatu ongeza ishirini. Siku nzuri usizidishe, siku mbaya usiache. Hapo njo penye kazi, maana siku nzuri inadanganya kuliko mbaya. Jembe mwambie jirani yenu Mbonigaba akutilie mpini mrefu, unaofika kifuani, uchimbe bila kujikunja. Robo saa, basi, unaliweka.

Na tufanye biashara ya wakweli. Niambie ulibeba mzigo gani, nami nitakuambia kwa nini sikuja.

Adelaïde


Burungu, tarehe 30 Julai 1953

Adelaïde,

Wote wazima. Usiniandikie tena habari za hatua.

Nilifanya ulivyosema. Nilifika hatua mia mbili, niliwapokea watu nje. Wazee walifurahi. Lakini Sebahire, ambaye shamba lake linapakana na langu, alisimama uani akanipima kwa macho, akasema mbele ya watu, "Papa Raphaël, kama uko unasimama, bale bantu ya Alhamisi balikuwa banalimia nani?" Nilichukua jembe, nikalima mbele yake tangu asubuhi hadi jua la utosi. Nililima kipande kizima, na alipoomba radhi sikuacha. Ulinionya, najua. Usiku ule nilitambaa kama mtoto. Siku nne nimelala chini kwenye mkeka, kitandani hata kupanda siwezi. Mukankusi hazungumzi nami. Kabera amekuja kunipima urefu kwa kamba, wamekata mianzi mipya ya ingobyi kwa ajili ya harusi. Ananipima kama maiti, na ni mtu mwema, hakukusudia.

Unataka kujua mzigo? Mzigo ulikuwa mama.

Ilikuwa Machi, mwaka wa 1951. Tulimpeleka misioni akiwa mgonjwa, tukiwa wanne chini ya miti ya ingobyi, mimi mbele, jirani yetu Léopold nyuma yangu. Tulipofika kwenye ule mto wa chini ya misioni mama alinigusa bega. Alisema, "Mutoto wangu, munishushe. Nataka nikanyage mayi na miguu yangu. Hapa tu, kisha mutanibeba." Nikamjibu, "Hapana Mama, tulia." Akaomba tena. Nikawaambia wenzangu tuingie. Katikati ya maji Léopold aliteleza kwenye jiwe, uzito wote ukanijia mimi, na nikasikia kitu kinakatika kiunoni. Sikumwangusha. Tulimfikisha. Siku ya pili yake alifariki, na tangu pale mtoni hakuniomba kitu kingine tena, hata maji ya kunywa.

Nilikuwa na sababu ya kumkatalia. Usiniulize sababu.

Raphaël


Walikale, tarehe 20 Agosti 1953

Kaka yangu Raphaël,

Leo sina habari za watoto, utanisamehe. Wazima.

Sababu yako sikuulizi, kwa kuwa naijua. Ni barua yangu. Niliwaandikia Januari ile: mbebeni, asikanyage chini hata hatua moja, moyo wake hautaweza. Nilikuwa na miezi mitatu tu hapa dispansere, nimesikia neno hilo likisemwa kwa mgonjwa mwingine, nikalituma Burungu kama amri. Mama nilikuwa sijamgusa, sijamwona miguu, sijui chochote. Wewe ulinitii. Na miaka miwili umenificha ili nisijue nilichokutendesha. Nimelia hadi Damascène akadhani kuna msiba mpya.

Sasa zamu yangu. Barua ya msiba ilipofika nilipanda lori, nikafika Hombo. Kutoka pale ilikuwa nizunguke na barabara ya ziwa hadi Sake, nipande kwenu. Nilikaa Hombo siku mbili. Malori matatu yaliita, sikupanda hata moja. Akilini niliona mlango wetu umejaa watu, na mmoja ananiuliza, "Weye wa dispansere, ulimusaidia mama yako na nini?" Nikarudi, nikawaandikia kwamba barabara imekatika. Barabara haikukatika, kaka. Mimi ndiye niliyekatika.

Nimekwisha kusema. Sasa inuka.

Si kwa hatua mia mbili, anza na sitini. Ukilima, lima mpaka mtu anapokuhurumia, si mpaka anapokuheshimu. Alhamisi wakija kukulimia, waombe wakuachie kipande kidogo pembeni mwa njia, ulime nao robo saa, kisha ukae uwahadithie. Hapo hakuna atakayejiuliza analimia nani. Maumivu yakija, yasikilize kama mgeni, umjibu kwa adabu, lakini usimwachie kitanda. Zimebaki wiki tano. Saa tatu za njia huwezi, lakini saa sita unaweza, kwa kupumzika. Tokeni alfajiri.

Nitakuja harusini. Hombo nitapita nimefumba macho.

Adelaïde


Burungu, tarehe 18 Oktoba 1953

Dada yangu Adelaïde,

Natumaini umefika salama na Damascène hajasahau uso wako. Huku bado wanazungumza habari zako, hasa ulivyomkemea padri kwa kuwasimamisha wazee juani. Mukasine na Jean-Bosco walikuja Jumapili, na kijana amemtengenezea mama mkwe wake kiti. Mimi nilikikalia kwanza, ni kizuri.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa mbele na wanawake pamoja na bibi harusi. Ya nyuma hukuyaona, na zile siku tano ulizokaa kwetu sikuweza kuyasema kwa mdomo. Nayasema hapa.

Kabera alikataa kuiacha ingobyi nyumbani. Walifuatana nami wanne, yeye, Sebahire, Mbonigaba na Léopold, wakiibeba tupu. Kila mlima Sebahire alinibembeleza: "Papa, panda. Ingobyi ya bure iko inatupatisha haya, bantu banatuangalia." Kweli, tuliopishana nao njiani walichungulia ndani wamwone mgonjwa, wakakuta hakuna. Mwisho nikawaambia watie humo vibuyu vya kasiksi vya harusi. Wakatia. Tukapumzika kila nilipohesabu hatua mia tano, na kila mapumziko mzigo wao ulipungua. Walipofika mtoni walikuwa wabebaji wenye furaha sana.

Mgongo uliniuma, sikufichi. Siku mbili baada ya harusi nilikuwa gogo, siku ya tatu nikatoka na sitini zangu. Sasa niko mia nane, na ile robo saa ya jembe. Kabera ameniuliza jina langu aliandike upande gani. Nikamwambia kubeba mtu bado, na kubebwa basi. Amewaza, amefungua ukurasa mpya, ameandika juu: Wanaotembea. Niko peke yangu, ila yule bibi asiyeona amesikia na anauliza kama kuna nafasi.

Nirudi mtoni. Léopold alisimama kabla yetu wote, akatazama maji. Miaka miwili na nusu hajavuka pale, anapitia juu. Sebahire akasema, "Hapa Papa utapanda tu. Mayi iko baridi, jiwe iko inateleza." Wakaishusha ingobyi chini, wakatoa vibuyu. Nikavua viatu. Nikasema, "Hapana. Fasi hii njo nitapita na miguu." Nikampa Léopold mkono, tukaingia wote wawili, yeye akilia waziwazi na mimi nikihesabu, kwa maana ulinizoeza kuhesabu na sijui tena kutembea bila hesabu.

Maji yalikuwa yanafika chini ya goti. Yalikuwa mazuri, Adelaïde. Nilielewa alichokuwa anakitaka.

Miaka yote hii niliuona ule mto ni mpana. Ni hatua kumi na saba. Mama alituomba hatua kumi na saba.

Kaka yako anayetembea,
Raphaël